Mwaka Tulioapa Kuacha Soda

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuacha mstari mmoja. Nilikuwa ninanakili maagizo ya hospitali yaliyomhusu dada yangu, mistari saba, nami nikaandika sita. Sikusahau. Niliuona mstari wa saba, nikausoma mara tatu, nikaona unaharibu karatasi, nikafunga kidau cha wino.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na dada yangu kumi na minne. Bendera mpya ilikuwa haijamaliza mwaka juu ya mlingoti. Siku ya sherehe ya Uhuru kila mwanafunzi wa shule yake alipewa skonzi moja na chupa moja ya soda ya machungwa, na wapo watoto waliotunza kifuniko cha chupa ile kama askari wazee wanavyotunza nishani za vita. Kabla ya hapo soda tulikuwa tunaiona mikononi mwa watu wengine: Wazungu kwenye klabu yao, Wahindi wenye maduka, karani mmojammoja siku ya mshahara. Sasa ilikuwa yetu. Mtu akikununulia soda alikuwa amekupa heshima mbele za watu. Na mgeni akiletewa chai, sukari ilitiwa hukohuko jikoni, vijiko vinne, asije akaenda kusema kwamba nyumba ile imekwisha.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane bila kupata nafasi ya sekondari. Nilichokijua baada ya hapo nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na magazeti ya kufungia nyama. Nilikuwa nikiwaandikia watu barua kwenye baraza la duka moja mjini, kando ya cherehani ya fundi mmoja. Mwandiko wangu ndio uliokuwa mali yangu ya pekee. Nikikosea herufi kwenye mstari wa kumi nilichana karatasi nzima na kuanza upya, na fundi alikuwa akicheka mpaka anatoa mguu kwenye cherehani. "Kijana, hii ni barua ya kumwomba shemeji mbuzi. Si katiba." Nilikuwa nacheka naye, lakini nilikata karatasi nyingine. Niliamini kwamba kosa dogo likiachwa huzaa kubwa. Imani hiyo bado ninayo, ila sasa ninajua makosa mengine huja yakiwa yamenyooka kwa rula.

Ugonjwa ulianza na kiu. Tulikuwa tukikaa Shirere, nyumba ya udongo na mabati iliyozungushiwa ua wa michongoma. Baba alikuwa dereva wa lori la serikali na tulikuwa tukimwona mara mbili kwa mwezi, ikizidi sana tatu. Mama alijaza mtungi jioni, asubuhi akaukuta mtupu. Akadhani umepasuka. Akaugeuza, akaugonga kwa kidole cha kati, ukalia kama mtungi mzima. Dada yangu akasema, "Ni mimi, mama. Nasikia kiu tu." Shuleni mwalimu alichoka kumwona akiomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto wa fundi, aliyekuwa rika langu na mwenye mdomo kuliko sisi wote, alimwita "aliyemeza Isiukhu," kwamba mto umepungua kwa ajili yake.

Alikuwa akikonda, na kila aliyemwona alikuwa na dawa ileile: mpeni sukari apate nguvu. Jirani alileta miwa. Mama alimtilia chai vijiko vitano. Mimi nilimnunulia soda, kwa pesa yangu ya barua, chupa moja kila Jumamosi, na nikaketi mbele yake nimtazame akinywa. Alikuwa akiimaliza bila kupumua. Halafu ananyoosha mkono kuchukua kata ya maji.

Kisha wakaja sisimizi. Asubuhi moja mama aliwaona kwenye njia ya chooni, mstari mweusi uliotoka kwenye michongoma ukaishia mahali ambapo dada yangu alikuwa amechutama alfajiri kwa kushindwa kufika. Mama akamwaga jivu. Kesho yake walikuwa wamerudi na kulizunguka jivu. Nyanya yetu alikuwa amekuja kutoka Matungu kutuletea miwa, na sisi twamwita kukhu. Alisimama pale akiegemea fimbo, akawatazama muda mrefu. Alingoja mpaka dada yangu alipoingia ndani. Ndipo akamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, "Hawa walikuja kwa dada yangu pia. Hivihivi. Hakumaliza mavuno."

Baada ya siku chache pumzi ya dada yangu ilianza kunuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Siku ya tatu ya harufu hiyo hakuamka. Tulimbeba hadi hospitali, mimi na jirani, tumemfunga kwa leso kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kichwa chake kikigonga mgongo wangu kila tulipopita juu ya jiwe.

Walikaa naye siku kumi na sita. Alirudi akitembea mwenyewe, na kichupa cha dawa, na sindano ya kioo ndani ya kopo la bati. Dresa, yaani mganga msaidizi, aliyetupa maagizo alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Watu walikuwa wakimvuta mkono huku na huku. Aliandika akitembea, kwa penseli, nyuma ya fomu kuukuu, herufi zimelalia upande, na hapo katikati chai ilikuwa imemwagikia. Alisema ni ugonjwa wa sukari. Alisema mengine pia, lakini mimi nilikuwa natazama herufi zake na kusikitika.

Nyumbani nilikata karatasi safi na kupiga mistari kwa rula. Nikaandika: asionje sukari, wala soda, wala chai ya sukari, wala miwa. Adungwe kila asubuhi kabla ya kula. Sindano ichemshwe. Dawa ikae mahali pa baridi. Mama aliamua iwe ndani ya mtungi mdogo uliozungushiwa kitambaa kibichi. Ale kwa saa zake, asicheleweshewe chakula. Arudi hospitali baada ya wiki mbili. Halafu nikafika kwenye wa saba: akitetemeka, akitoka jasho, akisema ovyo, mpe sukari upesi.

Mstari wa kwanza ulisema asionje, na wa saba ulisema mpe. Hakuna kitabu nilichowahi kukisoma kilichojipinga namna hiyo katika ukurasa mmoja. Niliamua kwamba dresa alikuwa amechoka, amechanganya wagonjwa wawili. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Ningeweza kwenda kuuliza. Sikwenda kwa sababu niliogopa atanitazama kama mtu asiyeelewa alichosoma, nami nilikuwa nimejenga maisha yangu yote juu ya kuwa mtu anayeelewa. Niliibandika karatasi yangu ukutani, ikapendeza. Ile ya penseli niliisukuma katikati ya mafiga, mama akapikia chai.

Baada ya hapo nikaanzisha agano.

Lilianza kwa huruma, nataka hilo lieleweke. Jumapili moja msichana wa jirani, rafiki mkubwa wa dada yangu, alikunywa chai kwetu, na dada yangu akatoka nje ghafla. Nilimkuta nyuma ya nyumba. Sisi wa kwetu humwita ndugu "yaya," na aliniambia, "Yaya, hata si hiyo sukari. Ni kukaa pale kama mgeni kwenye matanga, kila mtu ana kikombe chake mimi nina changu."

Jumamosi iliyofuata nikawaita watatu waliokuwa wakija kwetu sana: msichana wa jirani, mtoto wa fundi, na kijana kutoka Matungu, Mwislamu, aliyekaa kwa mjomba wake mfanyabiashara mjini ili asome. Nikawaambia sote tuache vitu vitamu mpaka dada yangu apone. Niliamini atapona. Hakuna aliyeniambia hivyo; niliamini tu.

"Soda pia?" akauliza mtoto wa fundi.

"Soda kwanza."

"Ngoja, bwana. Miaka yote soda ilikuwa ya mzungu. Uhuru umekuja juzi, hata bendera haijapauka, na wewe unataka kutufungia tena?"

"Hakuna anayekufungia."

"Unanifungia kinywa!"

Msichana wa jirani alikuwa na hofu nyingine. "Mimi soda naweza. Lakini chai? Watu wa kuniposa wakija, niwape chai chungu? Watarudi kwao waseme yule msichana ni mkono wa birika."

"Nani anakuja kukuposa?" mtoto wa fundi akamuuliza. "Na hiyo miguu?"

"Atakuja baba yako, amechoka kukuona."

Kijana wa Matungu alikuwa akitabasamu tu. "Mimi nafunganga mwezi mzima, hata mate nachunga. Soda ni kitu gani?"

"Wewe unafunganga mchana," mtoto wa fundi akamjibu, "halafu jioni unalipizanga kisasi."

Dada yangu alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu hospitali, kikamshika mpaka akaegemea ukuta. Wote wakamgeukia, na nadhani ndicho kilichowafanya wakubali. Mtoto wa fundi alikuwa wa mwisho. Alitazama mikono ya dada yangu, iliyokuwa bado myembamba kama vijiti vya kukaushia mboga, akasema, "Haya. Lakini nikifa kwa kiu mnizike na chupa."

Niliandika agano usiku huohuo kwa mwandiko wangu bora. Hakuna soda, hakuna sukari kwenye chai wala uji, hakuna miwa, hakuna sukari nguru, hakuna sharubati, hakuna asali. Atakayevunja atachota madebe mawili ya maji kutoka kisimani hadi kwetu, kupanda mlima. Kila mmoja akatia sahihi. Halafu nikachukua kopo la sukari la mama kutoka rafuni na kumpelekea kukhu Matungu. Mama alinifuata mpaka mlangoni. "Na wageni?"

"Watazoea."

"Na siku ya shida?"

Sikuweza kuiwazia shida ambayo sukari ingeitatua.

Wiki za kwanza walikuwa na fahari. Msichana wa jirani alisema sasa ndiyo anajua maziwa yana ladha. Mtoto wa fundi alisimama barazani kwa baba yake na kuwatangazia wateja kwamba amejitoa mhanga. Ila mimi sikuweza kuliacha jambo liende lenyewe. Soda za siku zile zilikuwa zikiacha rangi, nyekundu au ya machungwa, kwenye ulimi. Kila Jumamosi nikawapanga mstari mbele ya mlango, palipo na mwanga, na kuwaambia watoe ndimi. Mwanzoni walifanya kama mchezo. Baadaye walitoa ndimi bila kunitazama machoni.

Kijana wa Matungu alikuja kuniomba ruhusa ya Idd. "Ni siku moja tu. Mama atatengeneza sharubati, siwezi kukataa mkononi mwake." Nikamwambia agano halina siku moja. Alikwenda kwao, akarudi, na kabla ya kunisalimia alishuka kisimani na debe. Alipofika juu akamwambia mama, "Asalaam aleikum, mama, haya maji yenu," akalitua debe la kwanza na kurudi kulileta la pili. Mimi niliona agano linafanya kazi. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulimnyima hata Idd?"

"Sheria ni sheria."

"Na mimi ndiye sheria?" aliuliza. Alikuwa ameanza kunitazama kama wanafunzi wanavyomtazama mwalimu mwenye kiboko, kwa uangalifu. Nikikaribia walipokuwa wameketi, mazungumzo yalikwisha.

Na kulikuwa na mambo mengine, ambayo nilikuwa nayaona. Asubuhi fulani, kabla obusuma, ugali wetu, haujaiva, mdomo wake wa juu ulilowa jasho ilhali kulikuwa na baridi. Vidole vilitikisika akiwa ameshika sahani. Mara moja alimkaripia kuku kwa hasira, akamwita mwalimu, akamwamuru afungue daftari. Mama alicheka, akidhani ni utani. Dada yangu hakuwa akicheka. Kisha alikula, na baada ya muda akawa yeye tena, akauliza kwa nini tunamtazama. Mimi nilijua maneno yale matatu. Kutetemeka, jasho, kusema ovyo. Yalikuwa yamekwenda na moto lakini sikuwa nimeyasahau hata moja. Nilijiambia kwamba ni hamu inayomtoka, kama mlevi anavyotetemeka akiacha chang'aa. Nilijiambia hivyo kila mara, na kila mara nilihitaji kujiambia kwa nguvu zaidi.

Ndipo nikaokota kifuniko cha soda chini ya michongoma. Siku mbili baadaye nikaokota cha pili. Kufikia Ijumaa vilikuwa vitatu.

Nilifurahi, na hilo ndilo ninaloona aibu zaidi kuliandika. Furaha ile ilikuwa baridi, ya mtu aliyekuwa anahisi kila mara kwamba kitu fulani kimepinda na hatimaye amekiona.

Jumamosi ile mama alikwenda soko la Lubao kuuza mbuzi. Dada yangu alikuwa amedungwa asubuhi kama kawaida, akanywa uji kidogo. Mama alisonga obusuma mapema, akaufunika pamoja na bakuli la mrenda, akaniambia, "Saa saba ale. Usimwache mpaka nirudi." Nikasema ndiyo. Saa sita wale watatu walikuwa wamefika. Niliwaketisha ndani, nikaweka vile vifuniko vitatu juu ya kigoda, katikati.

"Hakuna atakayetoka," nikasema, "na hakuna atakayekula, mpaka mwenye hivi aseme."

Walivitazama. Mtoto wa fundi akasema, "Si watoto wanachezeanga drafti na hizi? Zinatembea."

"Zinatembea mpaka kwenye ua wetu?"

"Muulize kuku wenu. Yule mwalimu."

Msichana wa jirani aliziba mdomo. Mimi nikawaambia watoe ndimi. Zote zilikuwa safi, na hilo likanikasirisha zaidi. Nikaanza kumuuliza mmojammoja, alikuwa wapi Jumatatu, alikuwa wapi Jumatano. Saa ya baba ukutani ikafika saa saba. Nje, upande wa msitu, mawingu yalikuwa yamejipanga, na kuku walianza kuingia ndani mapema.

"Yaya, chakula," dada yangu akasema.

"Ngoja kidogo."

Nilikuwa naona mtoto wa fundi anakaribia kukiri. Nilikuwa naona hivyo tu. Saa saba na nusu. Radi ililia mbali, halafu karibu. Kijana wa Matungu akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, mwache mgonjwa ale, sisi tutakaa." Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe alishavunja mara moja, asinifundishe. Saa nane kasoro dakika chache dada yangu akasema tena, lakini safari hii hakusema chakula.

"Nipe soda."

"Mnasikia?" nikawaambia wenzangu, wala sikumtazama yeye. "Hivi ndivyo vifuniko vyenu vilivyomfanya."

"Nipe soda, yaya. Nipe soda. Nipe." Sauti ilikuwa inateleza. Nikageuka. Uso wake ulikuwa unameta kwa jasho, kama ametoka mtoni, na mikono ikipiga magoti bila yeye kujua. Alicheka. Aliniita kwa cheo cha mwalimu wake mkuu na kuniuliza kama kengele imelia. Akasimama, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, magoti yakakunjika, akaanguka kando ya mafiga.

Msichana wa jirani akapiga yowe. Mtoto wa fundi alikuwa ameshatoka nje. Nilimwona kupitia mlango akiingiza mkono wote ndani ya michongoma, miiba ikimchana, na kuutoa na chupa. Soda nyeupe, ile isiyotia rangi. Hata wakati ule akili yangu ilipata nafasi ya kuwaza: kumbe ndiyo maana ulimi ulikuwa safi.

Nilisimama mlangoni nikamzuia. "Usimwue!"

"Toka!"

"Ndiyo inayomuua!"

"Mgonjwa hanyimwi anachoomba," alisema. Damu ilikuwa inamtiririka kwenye kiwiko. Hakuwa akitania. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Kwenu hamjui hilo? Mtu akianguka akiomba kitu, anapewa. Toka mlangoni."

Kijana wa Matungu alinishika bega kutoka nyuma. Hakunivuta. Aliniuliza tu, "Karatasi yako inasemaje? Wewe ndiye umesoma."

Karatasi ilikuwa ukutani juu ya kichwa cha dada yangu, mistari sita, imenyooka, mizuri. Chini ya wa sita kulikuwa na nafasi nyeupe. Nilikuwa nimeiacha mwenyewe, ya kutosha mstari mmoja. Sikuhitaji kusoma chochote pale. Akitetemeka, akitoka jasho, akisema ovyo. Mtu mmoja alikuwa ameniandikia, akitembea, akiwa amechoka, na hakuwa amechanganya wagonjwa.

"Mpe," nikasema, na nikasogea.

Aliifungua kwa meno. Nilimwinua dada yangu kichwa, na mtoto wa fundi akachovya kidole, akampaka ndani ya shavu na kwenye ufizi, tena na tena, mpaka tulipomwona akimeza. Ndipo akaanza kumnywesha kidogokidogo. Mvua ilianguka juu ya mabati kwa kishindo kiasi kwamba hatukuweza kusikiana. Ilinibidi niweke mkono kifuani pake kujua kama anapumua. Sijui muda ulikuwa kiasi gani. Saa ilikuwa ukutani na sikuitazama. Nilikuwa nikiwaza namna nitakavyomwambia mama, sentensi ya kwanza, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa sanifu, nami niliichukia.

Mvua ilipopungua alifumbua macho. Alitutazama mmojammoja, kisha chupa.

"Nani amefungua soda?"

"Mimi," mtoto wa fundi akasema. "Nakwenda kuchota maji."

Ndipo msichana wa jirani alipoanza kulia. Tukamlisha dada yangu obusuma baridi na mrenda, sote tumemzunguka kama kuku anayetaga. Alipomaliza nikawaambia. Niliwaambia kulikuwa na mstari wa saba, nikausema neno kwa neno, nikawaambia niliuacha kwa kusudi na kwa nini. Hakuna aliyenitukana. Mtoto wa fundi alikuwa anajitoa miiba mkononi kwa meno, akaacha, akanitazama, akaendelea. Dada yangu ndiye aliyesema. "Siku ya yule kuku. Ulijua?"

"Nilijua maneno."

"Ukaniacha."

Aliinuka akishikilia ukuta, akaibandua karatasi yangu, akakaa nayo mapajani mpaka mama aliporudi.

Mama nilimwambia jioni ileile. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka, akaenda kuazima sukari kwa jirani. Aliporudi aliweka bakuli juu ya rafu palepale kopo lilipokuwa, akaniambia, "Nilikuuliza siku ya shida." Hajawahi kulitaja tena, na ningependa angelitaja.

Jumatatu nilikwenda hospitali, mimi na dada yangu. Dresa alikuwa yuleyule, na macho yaleyale. Nilimpa karatasi yangu. Aliisoma, akaishika mbali kidogo kama mtu anayetazama picha. "Mwandiko mzuri sana," akasema. Kisha akageukia dada yangu, si mimi, akamweleza polepole: dawa inashusha sukari, na chakula kikichelewa inaishusha mno, na hapo sukari ndiyo dawa. Kwamba soda ileile inayomdhuru siku zote inaweza kumwokoa siku moja. Dada yangu akauliza itakuwa hivyo mpaka lini.

"Siku zote, binti yangu," dresa akasema. "Kaka yako hakuliandika hilo kwa sababu mimi sikuwaambia. Hilo ni kosa langu."

Tulirudi Shirere. Kwenye njia ya chooni hapakuwa na sisimizi. Nilitazama, kama ninavyotazama kila asubuhi mpaka leo.

Imepita miaka mitatu. Ukutani kuna karatasi ya dada yangu, kwa mkono wake, mistari saba, wa saba ukiwa wa kwanza, na neno moja limekatwa na kuandikwa juu yake. Anajidunga mwenyewe. Agano nililichana mbele yao. Msichana wa jirani bado anakunywa chai bila sukari kwa kupenda, kijana wa Matungu anakunywa sharubati ya Idd kwa mama yake, na mtoto wa fundi anakunywa soda mbele ya dada yangu akimhadithia ladha yake mpaka dada ampige. Siangalii tena ulimi wa mtu. Nisichokielewa kwenye karatasi ya mtu ninakiandika kama kilivyo, halafu ninakwenda kuuliza, hata nikiaibika. Na katika mfuko wa shati langu, popote ninapokwenda, kuna sukari iliyofungwa kwenye karatasi.